Zaidi ya Karatasi ya Matokeo: Ziara na Kazi za Kijamii za Wanafunzi wa Sekondari Kilwa

Mada iliyowasilishwa kwa wakazi katika mkutano wa kata kuhusu huduma za elimu ya sekondari



Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, swali linalotawala vijiweni, sokoni na bandarini huwa moja: shule ya kata imepata daraja la kwanza ngapi, na sifuri ngapi. Swali hilo ni halali. Wazazi wengi walibeba mawe na mchanga kwa mikono yao ili shule hizo zisimame, wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, nao wana haki ya kujua jasho lao limezaa nini. Tangu Januari 2016, ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka aliyokuwa akitozwa mwanafunzi wa kutwa katika shule ya serikali haipo tena, na kizingiti kikubwa cha kuingia sekondari kimeondoka. Linalobaki ni kujua mtoto anapata nini akishaingia.

Hapo ndipo karatasi ya matokeo inapofikia ukomo wake. Mwanafunzi wa Njinjo au Nanjirinji aweza kukariri kwamba Kilwa ilikuwa dola ya biashara, akajibu swali, akapata alama zake, kisha akamaliza miaka minne ya sekondari bila kuvuka maji ya kilomita mbili hivi yanayotenganisha Kilwa Masoko na Kisiwani. Wageni hutoka Ulaya kuja kuyatazama magofu yale. Mtoto wa wilaya hiihii huyasoma kitabuni, kwa Kiingereza, kana kwamba ni habari za nchi ya mbali.

Wako wazazi wanaosema kuwa ziara ni matembezi, na kwamba siku moja nje ya darasa ni siku iliyoibwa kwenye mtihani. Malalamiko hayo hayatoki hewani. Ziara ya kupanda gari, kupiga picha mbele ya gofu, kula wali na kurudi ni matembezi kweli, na mzazi anayeigharimia ana sababu ya kunung'unika. Lakini ziara iliyoandaliwa ni kitu kingine, na tofauti yake yaweza kuonekana pale pale Kisiwani.

Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka 1331 na akausifu mji huo kwa uzuri wake. Sultani aliyemkuta, al-Hasan ibn Sulaiman, ndiye anayehusishwa na ujenzi wa Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya jabali linalotazama bahari, lenye birika la kuogea la pembe nane. Sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyo imepatikana Great Zimbabwe, ndani kabisa ya bara la kusini. Sarafu nyingine zinazohesabiwa kuwa za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mwanafunzi anayeyasikia hayo akiwa amesimama kwenye ukingo wa birika lile, bahari ikiwa mbele yake, haulizi tena kwa nini dhahabu ya Sofala ilipitia hapa. Anaiona njia.

Wala historia si mwenyeji peke yake pale. Mwalimu wa hisabati ana kazi yake kwenye birika hilohilo. Umbo la pembe nane lina jumla ya nyuzi 1,080 kwa ndani, yaani nyuzi 135 kwa kila pembe iwapo pande zake zote zinalingana na pembe zake zote zinalingana. Je, fundi wa karne ya 14 aliipata hesabu hiyo, na kwa chombo gani? Wanafunzi wakichora walichokiona na kukikadiria, bila kugusa ukuta wala kukanyaga palipokatazwa, watarudi darasani na swali lao wenyewe, ambalo hakuna kitabu cha kulinakili. Mwalimu wa jiografia naye atawaonyesha jinsi mawimbi yanavyokula ufuko. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka miongoni mwa urithi ulio hatarini, na ilichukua miaka kumi ya kazi ya uhifadhi hadi yalipoondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014. Watakaoyalinda magofu hayo miaka 30 ijayo wamo sasa katika Kidato cha Kwanza, na baadhi yao hawajawahi kuyaona.

Si lazima kila ziara ivuke bahari. Kwa shule za upande wa Kipatimu na Milima ya Matumbi, somo liko mlangoni: ni Nandete, mahali ambapo mwezi Julai 1905 wakazi waling'oa pamba iliyolimwa kwa amri ya utawala wa Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kuna mnara wa kumbukumbu. Kuna pia wazee waliosimuliwa na wazee wao, na hao hawatakuwapo siku zote. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kumhoji mzee, akaandika alichokisikia kwa lugha ileile aliyoisikia, na kazi hiyo ikawa ya shule. Kwa pwani ya kaskazini ya wilaya, kemia iko Somanga na Songosongo. Gesi ya Songosongo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam. Mtoto anayeishi jirani na bomba hilo na hajui methani ni nini amenyimwa kitu kilicho chake.

Mfano ulio bora zaidi, na wa gharama ndogo zaidi, uko msituni. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa usimamizi mzuri, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayomilikiwa na vijiji. Mti uliowafikisha hapo ni mpingo, ule ule wa vinyago vya Wamakonde na wa zumari za muziki wa Ulaya. Wanakijiji walijifunza kuupima kabla ya kuuza. Huchukua utepe, huuzungusha mti kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, kisha mzingo huo hugawanywa kwa 3.14 ili kupata kipenyo. Mti wenye mzingo wa sentimita 88 una kipenyo cha sentimita 28. Hiyo ni hesabu ya Kidato cha Kwanza na cha Pili ambayo wanafunzi wengi huiogopa ubaoni. Ikifanywa na wajumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji, huku wanafunzi wakiandika takwimu, haitishi, na mwisho wake kijiji kina daftari lililohakikiwa mara mbili.

Hapa mazungumzo yanageukia kazi za kijamii, na yafaa kusemwa wazi kazi hizo si zipi. Kusomba maji ya nyumbani kwa mwalimu si ushiriki wa kijamii. Kupalilia shamba la mtu binafsi si ushiriki wa kijamii. Kusimamishwa juani saa nzima kumsubiri mgeni ili nyimbo ziimbwe dakika tano, huku vipindi viwili vikipotea, nako si ushiriki wa kijamii, hata mgeni awe nani. Mzazi anayelipinga jambo la namna hiyo hapingi maendeleo, na mahali pa kulipeleka ni bodi ya shule au Afisa Elimu Kata.

Kazi ya kijamii yenye maana ina mambo mawili: jamii inaihitaji, na mwanafunzi anajifunza kwayo. Upandaji wa mikoko ni mfano ambao wengi wanaufahamu, na pia ndio unaoharibika kirahisi. Desturi imekuwa kutangaza miche mingapi imepandwa. Bahari haijali tangazo. Mche uliochomekwa mahali pasipo pake hung'olewa na maji ya bamvua la kwanza. Kila aina ina makazi yake: mlilana huvumilia kukaa mbele kabisa kuelekea kina, wakati mchu na mkandaa hupatikana pia nyuma, karibu na nchi kavu. Wavuvi na akina mama wanaookota kaa na chaza wanayajua haya bila kitabu. Shule inayotaka kupanda ianze kwa kuwauliza, kisha irudi baada ya miezi mitatu, na tena baada ya mwaka, kuhesabu iliyo hai. Idadi hiyo ya pili ndiyo mafanikio, na ndiyo inayostahili kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kata, hata ikiwa ndogo. Shule iliyopanda miche 200 ikabaki na 60, na ikajua kwa nini 140 ilikufa, imefanya sayansi.

Kazi nyingine haina sherehe kabisa. Kimbunga Hidaya kilipoifikia pwani mwanzoni mwa Mei 2024, mvua iliyofuatana nacho iliikata barabara kuu ya kusini huko Somanga, na wilaya ikajionea maana ya kutenganishwa na nchi. Kipimamvua kimoja uwanjani, na wanafunzi wawili wa zamu wanaosoma na kuandika kila siku saa tatu asubuhi, pamoja na siku za likizo, huipa kata kumbukumbu yake yenyewe ya mvua. Mkulima wa ufuta anayetaka kujua mvua za mwaka huu zimepungua au zimechelewa tu atakuwa na mahali pa kuuliza. Daftari hilo likirukwa wiki mbili, thamani yake hupungua sana. Ndiyo maana linafundisha uaminifu kuliko hotuba ya siku ya mahafali.

Michezo ya UMISSETA haihitaji kutetewa, kwa kuwa kata zote huifurahia. Liko, hata hivyo, jambo moja ambalo halina kombe wala makofi. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitoa waraka unaoruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, kurudi kuendelea na masomo. Msichana anayerudi Kidato cha Pili akiwa mama, akaketi na walio wadogo kwake, akavumilia minong'ono njiani asubuhi na jioni, amefanya jambo gumu kuliko kupata alama ya A. Minong'ono hiyo haitoki shuleni peke yake. Hutoka vibarazani, na wanaonong'ona ni watu wazima. Bibi au shangazi anayebaki na mtoto hadi saa tisa alasiri anatoa mchango wa elimu usioandikwa kwenye stakabadhi yoyote.

Kuhusu nani aende ziara, liko kosa ambalo hufanywa kwa nia njema: kuwachagua kumi bora tu kama zawadi. Matokeo yake, anayefahamu tayari huongezewa, na yule ambaye mawe ya Kisiwani au utepe wa Kikole ungemwamsha hubaki darasani akinakili ubao. Ziara ni kipindi cha somo. Iwe ya darasa zima kwa zamu, hata kama itabidi iwe ya karibu na ya miguu. Wanaorudi watoe taarifa katika mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili, mbele ya wazee. Kusimama na kumweleza bibi aliyezaliwa Kisiwani habari za Kisiwani ni mtihani ambao haujibiwi kwa kukariri.

Mchango wa ziara ni wa hiari na hujadiliwa kwanza na wazazi pamoja na bodi ya shule. Mtoto ambaye mzazi wake hakuchangia harudishwi nyumbani, hazuiwi kuingia darasani, wala jina lake halisomwi mstarini. Mapato na matumizi ya kila ziara hubandikwa shuleni, na mzazi yeyote aweza kuyasoma na kuyahoji. Kwa safari za majini, chombo kiwe kimekaguliwa, kila mwanafunzi na kila mwalimu avae jaketi okozi kabla ya nanga kung'olewa, na idadi ya abiria isizidi iliyoruhusiwa hata kwa mtoto mmoja. Safari zifanyike asubuhi. Miezi ya kusi kali, neno la nahodha kwamba leo haivukiki ndilo la mwisho, hata kama chakula kimekwisha kupikwa.

Fomu za ridhaa hutolewa na mkuu wa shule siku kumi na nne kabla ya safari. Mzazi au mlezi asiyejua kusoma asomewe fomu hiyo na mwalimu au mtendaji wa kijiji kabla ya kuweka dole gumba. Asisomewe na mtoto anayetaka kusafiri.