Je, Kitako cha Bunduki cha Kasi Chafaa Kununuliwa?

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa ulinzi wa mtaa, Area 36, Lilongwe, mbele ya wakazi na wageni waliofika kutoka Dzaleka



Mkutano uliopita ulikuwa umekwisha kufungwa, na watu wameanza kukunja mikeka, kijana mmoja alipoinua mkono wenye simu. Alikuwa ameona picha ya kitako cha bunduki kinachouzwa Marekani, kitako cha plastiki ambacho, kikifungwa kwenye bunduki ya kawaida, huifanya ifyatue kwa kasi ya bunduki ya vita. Akauliza: je, chafaa kununuliwa? Wengine walicheka. Mzee mmoja alimkemea. Sisi tuliomba muda wa kulifikiria swali hilo, kwa kuwa mtu anayeuliza jambo kama hili hadharani ametuheshimu, na kumjibu kwa ukali kungemfunza kuuliza gizani. Baada ya mkutano tulimwita kando, naye akatueleza kilichomsukuma. Duka la kaka yake limevunjwa mara tatu tangu mvua zilipoanza.

Leo tunamjibu, naye yupo hapa.

Tuanze na kitu chenyewe. Bunduki ya nusu otomatiki hutoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa. Kitako hiki huiacha bunduki iteleze mbele na nyuma. Ikifyatuka, hurudi nyuma; mkono wa mbele huisukuma tena, na kifyatulio hukigonga kidole ambacho kimetulia mahali pake. Kidole hakifanyi kazi; bunduki ndiyo inayokifuata. Kwa namna hiyo risasi hutoka kwa mfululizo, mamia kwa dakika.

Miongoni mwetu wamo waliowahi kuishika bunduki, kwa kupenda au kwa kulazimishwa, na hao wamekwisha kuiona kasoro kabla hatujaitaja. Bunduki inayocheza begani haina shabaha. Risasi ya kwanza huenda ikafika ulikoielekeza, lakini ya tano haijulikani imeangukia wapi. Magazini ya risasi 30 humalizika kwa sekunde chache, na baada ya hapo mwenye bunduki amebaki na chuma mkononi, mwizi keshakimbia, na jirani anatafuta mtoto wake gizani. Nyumba zetu mnazijua: ukuta wa mwenzako uko hatua sita kutoka ukuta wako, mlango ni wa mbao nyepesi au bati. Risasi ya bunduki kama hiyo haizuiliwi na bati.

Kwa hiyo kama chombo cha kulinda duka, kitako hiki hakifai hata kwa mtu asiyejali sheria. Kazi kinayoiweza ni moja, nayo ni kumimina risasi juu ya umati. Dunia iliiona kazi hiyo tarehe 1 Oktoba 2017, katika mji wa Las Vegas. Mtu mmoja alijifungia katika ghorofa ya 32 ya hoteli, akawafyatulia watu waliokuwa wakisikiliza muziki uwanjani chini yake. Kwa muda wa kama dakika 10 alitoa risasi zaidi ya 1,000. Idadi ya waliokufa hatimaye ilifika 60, na zaidi ya 400 walijeruhiwa kwa risasi. Hakuhitaji shabaha, maana mbele yake walikuwa watu wapatao 22,000 waliosongamana.

Baada ya mauaji yale serikali ya Marekani ilivipiga marufuku vitako hivyo. Kuanzia Machi 2019 aliyekuwa nacho alitakiwa akiharibu au akisalimishe. Lakini tarehe 14 Juni 2024 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliitengua marufuku. Mahakama haikusema kwamba kitako ni chema. Ilisema kwamba sheria ya mwaka 1934 inaitambua bunduki ya rashasha kwa namna kifyatulio kinavyofanya kazi, na kwamba hata kwa kitako hiki kila risasi bado inahitaji mwendo wake wa kifyatulio. Majimbo kadhaa ya Marekani yanaendelea kukikataza kwa sheria zao wenyewe. Tunaeleza haya kwa urefu kwa sababu kijana wetu alisema, na hakukosea, kwamba alichokiona kinauzwa waziwazi. Kinauzwa waziwazi huko. Ruhusa ya huko haivuki bahari pamoja na mzigo.

Hapa tulipo, sheria ya silaha ya Malawi inamtaka kila mwenye bunduki awe na kibali, na kuwa nayo bila kibali ni kosa la jinai, iwe imetoka kiwandani au ni gobore lililochomelewa nyuma ya nyumba. Tena lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Mkataba wa nchi za SADC wa kudhibiti silaha ulitiwa saini hapa hapa Malawi, mjini Blantyre, tarehe 14 Agosti 2001, na hata jina lake linataja bunduki, risasi na vifaa vingine vinavyohusiana navyo. Nchi nyingi tulizotoka, zikiwemo Kongo, Burundi na Rwanda, ziliingia katika Mkataba wa Nairobi wa mwaka 2004, ambao unawakataza raia kabisa kumiliki bunduki za otomatiki na za nusu otomatiki. Maana yake ni kwamba ile bunduki ambayo kitako hicho hufungwa juu yake, raia wa kawaida huko kwetu hatakiwi kuwa nayo tangu mwanzo. Kijana wetu alikuwa anauliza bei ya tandiko, na farasi mwenyewe amekatazwa.

Kwa mkimbizi, mzigo ni mzito zaidi. Mkataba wa mwaka 1951 unaotulinda unasema pia kwamba mkimbizi ana wajibu wa kuzitii sheria za nchi iliyompokea. Malawi iliukubali mkataba huo mwaka 1987 ikiwa imeweka masharti yake, na mojawapo linahusu uhuru wa kutembea na kuchagua pa kukaa. Mnakumbuka agizo la mwaka 2023 la kuwataka wakimbizi warudi Dzaleka. Maduka yalifungwa, watoto wakaacha shule katikati ya muhula, na watu wakarudi katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000, ambayo leo ina zaidi ya 50,000. Basi fikirini: ikipatikana bunduki moja tu katika nyumba moja ya Mkongo au Mrundi, nani atauliza jina la mwenye nyumba? Watauliza tu ni watu wa wapi. Tunalisema hili mbele ya maofisa walioketi nasi, nao wanajua kwamba si tusi.

Tumefika mahali pa kusema yale ambayo ni vigumu kuyasema katika mkutano wa namna hii. Yule kijana hakuwa anapenda bunduki. Alikuwa amechoka kuamka alfajiri na kukuta kufuli limekatwa. Wako wafanyabiashara hapa ambao, tangu mwaka ule, wanaona heri kupoteza mfuko wa unga na makopo ya mafuta kuliko kwenda kituoni kuandikisha taarifa, wakiogopa kuulizwa kwanza karatasi zao kabla ya kuulizwa walichoibiwa. Hofu hiyo ina sababu. Haiondolewi kwa hotuba. Lakini mwizi naye anaijua, na ndiyo sababu anarudi katika duka lile lile mara ya tatu.

Tuliwauliza wazee waliotoka kaskazini mwa Katanga wanakumbuka nini kuhusu bei ya bunduki. Walitukumbusha miaka ile ya katikati ya 2000, ambapo shirika la PAREC la mchungaji Ngoy Mulunda lilikuwa likiwapa baiskeli watu waliorudisha silaha. Bunduki moja, baiskeli moja. Majirani zetu wa Msumbiji walikuwa wameanza mapema zaidi, mwaka 1995, pale Baraza la Makanisa lilipopokea bunduki za vita na kutoa majembe, cherehani na baiskeli. Waliozirudisha walikuwa watu waliokwisha kuishi na bunduki ndani ya nyumba kwa miaka, wakapima faida yake, wakaona heri baiskeli. Kwa mtu wa Area 36 anayejua baiskeli ya kabaza huingiza nini kwa siku moja, hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Basi, fedha ambazo kijana wetu angezitumia kwa kitako, azitumie vipi? Tulikwenda naye mpaka dukani kwa kaka yake. Pete ya kufuli ilikuwa imechomelewa kwa nje, mahali ambapo mkasi wa chuma unafika bila taabu. Fundi wa kuchomelea ameihamishia ndani. Taa ya sola iliyokuwa juu ya kaunta sasa iko juu ya mlango. Bidhaa za bei hazilali tena dukani.

La nne ni la kushangaza, nalo ni lugha. Usiku wa mara ya pili yule kaka alipiga kelele, “Mwizi! Mwizi!” na hakuna aliyetoka. Kesho yake jirani Mmalawi alimwambia kwamba walisikia, lakini walidhani Wakongo wanagombana. Tangu leo tujifunze sote, watoto pia: “Thandizeni! Akuba!” Yaani tusaidieni, wezi. Na ukiona wana bunduki, ongeza: “Ali ndi mfuti!” ili jirani asitoke mbio na panga kuelekea kifo chake. Aliyekamatwa akabidhiwe polisi akiwa mzima. Kumpiga mpaka afe ni mauaji, na mauaji hayana lugha ya kujitetea.

Neno lililobaki ni kwa yule ambaye hakuuliza chochote. Kama unajua mahali palipofichwa silaha, iwe bunduki kamili, gobore au risasi zilizoachwa na mpangaji aliyehama, usiiguse wala usiibebe mtaani kwa nia njema. Ukikutwa nayo njiani, nia haionekani. Njoo kwa mmoja wa wajumbe, tutakwenda nawe kituoni. Hatuwezi kukuahidi kwamba hutaulizwa maswali. Tunakuahidi kwamba hutakaa peke yako ukiyajibu.

Zamu ya usiku inaanza Jumatatu, wawili wawili, Mmalawi mmoja na mmoja wetu, ili kelele ya yeyote ieleweke. Kijana wetu amejiandikisha wa kwanza. Filimbi zilizonunuliwa kwa michango yenu ziko kwa mwenyekiti, nazo hazitoshi kwa nyumba zote. Tumeamua zianze na maduka ya upande wa chini, kusiko na taa ya barabarani. Wenye maduka hayo wabaki tukimaliza, waje na majina yao.