Malindi, Waitaliano na Njia ya Kwenda Ufuoni
(Mada ya semina kuhusu utalii wa mashinani, Ekerenyo, Kaunti ya Nyamira)



Niliombwa kueleza historia ya mji wa mapumziko wa pwani uliokuzwa na Waitaliano. Maana ya utalii mnaijua, kwa hiyo sitaieleza. Maoni haya ni yangu, si ya ofisi ninayoitumikia.

Malindi ulikuwa mji wa biashara kabla Vasco da Gama hajatia nanga mwaka 1498. Hoteli za walowezi zilianza miaka ya 1930. Waitaliano waliletwa na mradi wa San Marco, kituo cha kurushia setilaiti katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa mji. Setilaiti ya kwanza iliruka hapo tarehe 26 Aprili 1967. Baada ya wahandisi wakaja watalii, zikaja nyumba za likizo, hoteli na mikahawa ya piza. Leo wapo vijana wa Malindi wanaozungumza Kiitaliano na hawajawahi kuiona Italia.

Lakini ufuo huo ulikuwa na wenyewe. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai wayathibitishe. Waarabu na Waswahili wengi walikuwa na maandishi, wakapata hati. Wagiriama wengi walikuwa na minazi na makaburi tu, wakaitwa maskwota katika ardhi waliyoilima. Viwanja vya kando ya bahari vikauzwa, vikauzwa tena, na kila mnunuzi akajenga ukuta.

Njia ya kwenda ufuoni ndiyo niliyoipigania kwa miaka mingi. Njia ya umma imo kwenye ramani. Ukifika unakuta lango na askari. Mvuvi anazunguka mbali, nyavu begani, kuufikia mtumbwi wake. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kifungu cha 65 kinampa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99. Sheria ni nzuri, ila ukuta ulitangulia. Tunaandika barua, tunajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Kwa heshima zote, mwenyekiti, jibu hilo halitoshi.

Yaliyotokea Malindi yanaweza kutokea hapa kwetu pia. Nyamira ina maporomoko ya Keera na ukingo wa Manga, na vinyago vya mawe ya Tabaka, kwa jirani zetu wa Kisii, vilishafika kwenye maduka ya watalii pwani. Vipande vyetu vya chai na ndizi ni vidogo, na hati nyingi bado zina jina la babu aliyekwisha kufariki. Mnunuzi mwenye fedha taslimu hatachelewa.

Napendekeza kaunti ipime njia za kwenda Keera na Manga sasa, iweke bikoni, na ramani ibandikwe kwa chifu kila mtu aione. Familia zikamilishe urithi kabla mnunuzi hajaja. Bodi ya ardhi isiidhinishe uuzaji mpaka mke na watoto wakubwa wasikilizwe. Mwekezaji akodishiwe, asiuziwe, na mkataba utaje njia ya umma. Vijana wafundishwe kuongoza wageni. Narudia kuhusu njia: zipimwe kwanza, kabla ya hoteli yoyote kupewa kibali. Na bikoni iking'olewa, chifu aripoti kwa mpima ardhi wa kaunti wiki hiyo hiyo, kwa maandishi, na nakala ibaki kwa wazee wa kijiji.