Riba Isiyoliwa: Wosia wa Benjamin Franklin na Hesabu za Vikoba Vyetu

Riba juu ya riba hufundishwa darasani kana kwamba kinachofanya kazi ni miaka. Mtaji unazidishwa, miaka inahesabiwa, jibu linaandikwa. Hoja yangu jioni hii ni kwamba akiba hukuzwa na watu wawili: anayekopa na kurejesha, na anayeilinda riba isiliwe. Ushahidi wangu ni jaribio lililodumu miaka 200.

Mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani Benjamin Franklin alifariki Philadelphia mwezi Aprili 1790. Mwaka uliotangulia alikuwa ameongeza kwenye wosia wake kifungu cha kuipa miji miwili, Boston alikozaliwa na Philadelphia alikoishi, pauni 1,000 kila mmoja. Fedha hizo hazikuwa za kufungiwa sandukuni. Alitaka wakopeshwe mafundi vijana waliooa, wasiozidi miaka 25, waliojifunzia kazi katika mji huohuo. Kila mmoja angepata kati ya pauni 15 na 60 kwa riba ya asilimia 5, awe na wadhamini wawili, na kila mwaka arejeshe sehemu ya kumi ya mkopo pamoja na riba yake. Kilichorudi kingekopeshwa fundi mwingine, riba ikiwa ndani yake. Baada ya miaka 100 sehemu kubwa ingetumika kwa kazi za umma, na iliyobaki ingezungushwa karne nyingine.

Tuipige hesabu. Kama riba ingetozwa juu ya mtaji wa mwanzo peke yake, pauni 1,000 zingezaa 50 kila mwaka, na karne ikiisha mji ungekuwa na pauni 6,000. Franklin alikadiria 131,000, na hakukosea kuzidisha. Pauni 125,000 za tofauti zote zimezaliwa na riba iliyoachwa ifanye kazi.

Mwaka 1990, muda ulipotimia, mfuko wa Boston ulikuwa na takriban dola milioni 5, na wa Philadelphia takriban milioni 2. Ni fedha nyingi, ila makadirio ya Franklin kwa karne zote mbili yalikuwa makubwa zaidi. Wapo mafundi walioshindwa kurejesha, na wapo wadhamini walioshindwa kuwalipia. Viwanda vilipoenea, vijana wa kujifunza ufundi kwa bwana walipungua, waombaji wenye sifa wakaadimika, na fedha ikakaa bila wa kuikopa. Katika karne ya 19 wasimamizi wa Boston waliweka sehemu kubwa ya mfuko wao kwenye kampuni ya bima, ikaendelea kuzaa. Mtaji ulikuwa uleule, miaka ileile, na masharti yaleyale. Usimamizi ndio uliotofautiana.

Sasa tutazame vikoba vyetu, yaani vikundi vya kuweka na kukopa. Wengi wetu tunakijua kikao cha Desemba: sanduku linafunguliwa kwa funguo zake, hesabu zinasomwa, kila mwanachama anabeba hisa zake na faida, na Januari mzunguko unaanza upya. Shilingi 1,000,000 zinazopata asilimia 10 kwa mwaka, faida ikiliwa kila Desemba, zitatoa faida ya jumla ya 2,000,000 kwa miaka 20, na mtaji utabaki uleule. Faida isipoguswa, mtaji na faida vinafika takriban 6,727,000. Mwaka wa kwanza unaleta 100,000. Wa ishirini unaleta zaidi ya 611,000. Anayevunja katikati anapoteza ile miaka ya mwisho, na ndiyo minono kuliko yote.

Nitaambiwa kwamba Januari kuna ada za shule, na kwamba kuvunja kikoba ndiko kunakomkagua mweka hazina. Hoja ya pili ina uzito, na siipuuzi: bila siku ya hesabu, wizi hujificha. Lakini ukaguzi unahitaji fedha ionekane na ihesabiwe mbele ya wote. Hauhitaji igawanywe yote. Kwa ada, kikundi kinaweza kugawa sehemu na kuiacha iliyobaki kwenye mzunguko. Wapo pia wanaokataa riba kwa imani yao. Hesabu hii haiwaachi nje, kwani faida ya biashara ya ubia inayorudishwa kwenye biashara hukua kwa mwendo huohuo.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni mfumuko wa bei. Katikati ya miaka ya 1980 bei Tanzania zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka. Akiba iliyopata asilimia 5 katika hali hiyo ilipoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kununua ndani ya miaka mitatu, kwa kanuni ileile ikienda kinyumenyume. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuacha faida izunguke kilinganishe kwanza kiwango chake na mfumuko wa bei unaotangazwa kila mwezi, na kiandike kwenye katiba yake ni sehemu gani ya faida haitagawanywa, kwa miaka mingapi, na nani atakayeikagua.