FIDIA YA MFEREJI WA SUEZ



Vita vya Suez vya mwaka 1956 ni habari inayofahamika kwa kila askari aliyepata kusoma historia ya bara letu. Aweza kutaja miamvuli iliyoshuka Port Said, na aweza kutaja jina la Gamal Abdel Nasser. Lakini askari huyo huyo akiulizwa ile kampuni iliyokuwa ikiumiliki mfereji iliishia wapi, nani aliyeilipa, kiasi gani na kwa hati ipi, mara nyingi hukosa jibu. Na hili si kosa lake. Risasi huandikwa sana vitabuni. Hati za malipo huachiwa makarani. Mazungumzo ya leo yatalizungumzia jambo hilo lililoachwa, yaani namna madai ya kampuni ya kigeni dhidi ya serikali ya Misri yalivyomalizwa kwa mapatano, baada ya majeshi matatu kushindwa kuyamaliza kwa nguvu.

Kampuni ya Mfereji wa Suez iliundwa mwaka 1858 na Mfaransa Ferdinand de Lesseps. Watawala wa Misri waliipa haki ya kuuchimba na kuuendesha mfereji kwa miaka 99 tangu siku ya kufunguliwa. Mfereji ulifunguliwa tarehe 17 Novemba, 1869. Hivyo ulitakiwa kurudi mikononi mwa Misri tarehe 17 Novemba, 1968. Tarehe hiyo ya mwisho ifaa kukumbukwa, maana hesabu yote ya fidia ilikuja kuizunguka.

Waliouchimba walikuwa wakulima wa Misri, wengi wao wakitolewa vijijini kwa kulazimishwa. Waliofaidi walikuwa wengine. Khedive Ismail alipolemewa na madeni aliuza hisa za nchi yake, 176,602, kwa serikali ya Uingereza mwaka 1875 kwa pauni zisizofika milioni 4. Na miaka mitano baadaye ikauzwa hata ile asilimia 15 ya faida iliyokuwa haki ya Misri. Tangu hapo kampuni ikawa na sura ya ajabu: kwa sheria ni kampuni ya Kimisri, makao yake makuu ni Paris, na mwanahisa mkubwa kuliko wote ni serikali ya London. Nasser, katika hotuba yake ya kutaifisha, alieleza kwamba mwaka 1955 mfereji uliingiza pauni milioni 35, na katika hizo Misri ilipata milioni moja.

Hotuba hiyo aliitoa Aleksandria usiku wa tarehe 26 Julai, 1956, wiki moja tu baada ya Marekani kuondoa ahadi yake ya kusaidia ujenzi wa bwawa la Aswan. Neno la siri lilikuwa jina lenyewe la de Lesseps. Kanali Mahmoud Younis, mhandisi wa jeshi, alikuwa ameviweka tayari vikosi vidogo karibu na ofisi za kampuni. Rais alipolitaja jina hilo redioni, naye akalirudia mara nyingi ili asije mtu akalikosa, vikosi vikaingia. Ofisi zilitwaliwa bila mapigano. Wafanyakazi waliamriwa kuendelea na kazi zao, na meli ziliendelea kupita.

Askari na polisi wanaosikiliza wapime sana jinsi kazi ile ilivyofanywa. Kuikamata ofisi ni jambo la dakika chache kwa mtu mwenye silaha. Kuikamata pamoja na vitabu vyake vya hesabu, sanduku lake la fedha, ramani zake na karani wake akiwa bado mezani, hiyo ndiyo kazi inayohitaji nidhamu. Na ilihitajika, kwa sababu Sheria Namba 285 ya mwaka 1956, ile ile iliyoitwaa kampuni, ilisema pia kwamba wanahisa watalipwa fidia. Kipimo chake kilikuwa bei ya hisa wakati wa kufungwa soko la Paris siku iliyotangulia kuanza kutumika kwa sheria. Sharti lake lilikuwa kwamba Misri ikabidhiwe kwanza mali yote ya kampuni. Mnyang'anyi hawezi kutoa ahadi ya namna hiyo. Dola lenye mamlaka juu ya ardhi yake laweza, na likishaitoa huwa limejifunga.

Dola kubwa hazikutaka kulisikia jambo hilo. Uingereza, Ufaransa na Marekani zilizuia fedha za Misri zilizokuwa katika mabenki yao. Katikati ya Septemba marubani wa kigeni waliondoka, wakitumaini kwamba meli zitagongana na mfereji utakwama. Wamisri na marubani wachache waliobaki, miongoni mwao Wagiriki, pamoja na wengine walioajiriwa upya, waliufanya uendelee. Kisha vikaja vita. Israel iliingia Sinai tarehe 29 Oktoba, ndege za Uingereza na Ufaransa zikashambulia siku mbili baadaye, na majeshi yao yakatua Port Said tarehe 5 na 6 Novemba. Misri ilizamisha meli mfereji ukaziba. Umoja wa Mataifa, huku Marekani na Urusi zote zikipinga uvamizi, ulidai mapigano yakome, na kabla ya Krismasi Waingereza na Wafaransa walikuwa wameondoka. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichopelekwa huko chini ya Jenerali Burns wa Kanada ndicho kikosi cha kwanza chenye silaha kulinda amani kwa jina la umoja huo. Kofia za buluu zinazovaliwa leo na askari wa nchi nyingi za Afrika chanzo chake ni hapo.

Mfereji ulisafishwa, ukafunguliwa tena Aprili 1957. Hapo ndipo swali la zamani lilipojitokeza upya, likiwa zima kama lilivyokuwa kabla ya vita: kampuni inadai, nani atailipa, na kwa kipimo gani?

Misri haikukimbia. Tarehe 24 Aprili, 1957, ilitoa tamko rasmi na kuliandikisha Umoja wa Mataifa, ikisema itauheshimu Mkataba wa Constantinople wa mwaka 1888 juu ya uhuru wa meli kupita, na kwamba suala la fidia, wahusika wasipopatana, litapelekwa kwa wasuluhishi kwa desturi za kimataifa. Serikali iliyotoka kushambuliwa na dola mbili kubwa ingeweza kusema kwamba deni limelipwa kwa damu ya watu wa Port Said. Haikusema hivyo, na katika kutosema hivyo ilipata faida kubwa.

Hata hivyo kulikuwa na vikwazo. Kwa sheria ya Misri kampuni ilikuwa imekufa tangu Julai 1956; serikali itazungumzaje na maiti? Kwa wakurugenzi wa Paris kampuni ilikuwa hai, na kutwaliwa kwake kulikuwa batili. Tena Misri ilikuwa imevunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza na Ufaransa, hivyo hapakuwa na balozi wa kubeba barua. Ilihitajika mshenga, na mshenga akapatikana mahali ambapo wengi hawakutazamia. Benki ya Dunia, chini ya rais wake Eugene Black, ndiyo iliyokuwa imejitayarisha kukopesha fedha za bwawa la Aswan kabla mpango ule haujavunjwa. Sasa benki hiyo hiyo ikatumia nafasi yake kuzikutanisha pande mbili, na makamu wa rais wake, William Iliff, akabeba sehemu kubwa ya kazi. Suala la maiti na aliye hai lilitatuliwa kwa akili ya kawaida: Misri haikuzungumza na kampuni, ilizungumza na wawakilishi wa wanahisa. Kila upande ukabaki na msimamo wake juu ya sheria, mazungumzo yakaendelea.

Makubaliano ya awali yalitiwa sahihi Roma tarehe 29 Aprili, 1958, na mkataba wenyewe Geneva tarehe 13 Julai mwaka huo. Wakati huo Misri ilikuwa imeungana na Syria na kuitwa Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu.

Masharti yake yalikuwa haya. Serikali italipa pauni za Misri milioni 28.3. Katika hizo, milioni 5.3 ni ushuru wa meli uliokuwa umepokewa Paris na London baada ya kutaifisha, wanahisa waliachiwa. Zilizobaki zitalipwa kwa awamu, milioni 4 kila tarehe mosi Januari kuanzia 1959 hadi 1963, na milioni 3 za mwisho mwaka 1964. Mali ya kampuni iliyoko nje ya Misri ibaki ya wanahisa, pamoja na madeni ya huko nje. Mali iliyoko ndani ya Misri iwe ya serikali, pamoja na madeni ya ndani.

Katika sharti hilo la mali ya nje ndimo ulimokuwa ufunguo. Sheria ya 1956 ilitaka Misri ipate kila kitu, ndani na nje, ndipo ilipe bei kamili ya hisa. Lakini mali ya nje ilikuwa katika nchi ambazo amri za Kairo hazifiki, na kuifuata kungekuwa kesi za miaka mingi mbele ya mahakimu wa wanahisa wenyewe. Misri ikaacha kudai kisichoweza kushikwa, na wanahisa nao wakaacha kudai faida yote ya miaka 12 iliyosalia ya mkataba wa zamani. Wale wa Paris waliweza kuwaambia wenzao kwamba wamepata fedha taslimu na kubaki na hazina yao. Waliigeuza kampuni kuwa ya uwekezaji na kuiita Compagnie financière de Suez. Wale wa Kairo waliweza kuwaambia wananchi kwamba mfereji ni wao bila masharti, kwa bei isiyofikia mapato ya mfereji huo kwa mwaka mmoja.

Walikuwapo wenye uchungu waliouliza kwa nini nchi iliyoonewa miaka 87 ilipe hata pauni moja. Swali hilo lina haki yake. Jibu lake liko katika yaliyofuata. Baada ya makubaliano ya Roma, Marekani iliziachilia fedha za Misri ilizokuwa imezizuia. Mapatano na Ufaransa yalifuata mwaka huo wa 1958. Mwaka 1959 Uingereza nayo ikapatana na Misri: fedha za Misri zilizofungiwa London zifunguliwe, na Misri ilipe pauni milioni 27.5 kwa ajili ya mali za Waingereza zilizochukuliwa wakati wa vita. Katika mapatano ya namna hii serikali hulipa serikali kwa jumla, na ile inayopokea ndiyo huwagawia raia wake. Mwenye duka hana tena wa kumshitaki ila serikali yake mwenyewe. Na Desemba 1959 Benki ya Dunia iliikopesha mamlaka ya mfereji dola milioni 56.5 za kuupanua na kuuchimba zaidi. Hakuna benki ambayo ingeikopesha mali yenye mgogoro.

Jambo hili si geni kwa wasikilizaji wa Uganda. Mwaka 1972 Waasia walipofukuzwa na serikali ya Idi Amin, maduka, nyumba na viwanda viligawiwa na kamati zilizokuwa na maafisa wa jeshi, na bidhaa nyingi zilitoka madukani bila orodha wala stakabadhi. Madai yalipokuja, hapakuwa na kitabu cha kufungua. Ilibidi itungwe sheria mwaka 1982, na kazi ya kurudisha mali na kulipa fidia iliendelea hadi miaka ya 1990. Tofauti yake na Suez haikuwa katika haki ya serikali kutwaa peke yake. Ilikuwa pia katika karatasi: nani aliandika kilichokuwamo ndani usiku ule mlango ulipofunguliwa. Na anayesimama mlangoni usiku kama huo, mara nyingi, ni koplo mwenye bunduki na polisi mwenye daftari.

Fidia ya Misri ililipwa yote. Ile tarehe 17 Novemba, 1968, ambayo kampuni ingeukabidhi mfereji bure kama ungebaki mikononi mwake, ilipofika, hapakuwa na meli iliyopita. Mfereji ulikuwa umefungwa tangu vita vya Juni 1967; jeshi la Israel lilikuwa ukingo wa mashariki, jeshi la Misri ukingo wa magharibi, na meli za mataifa mbalimbali zilikuwa zimenaswa katika maziwa ya katikati. Meli za Mombasa ziendazo Ulaya zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mfereji ulifunguliwa tena tarehe 5 Juni, 1975, na ushuru wa meli ya kwanza ulilipwa kwa mamlaka ya Misri iliyoko Ismailia.