Kidonge Kisicho na Jina



Nianzie Ituri, ambayo wakati ule ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Orientale na ikitawaliwa kutoka hapa Kisangani. Desemba 2014 wagonjwa walianza kufika hospitalini huko shingo zimepinda, macho yametazama juu, ulimi nje, taya zimekaza. Wengi walidhani ni homa ya uti wa mgongo. Hadi Agosti 2015 wagonjwa walikuwa wamepita 900, na baadhi yao walikufa. Ukweli ulipatikana kwenye mikojo yao na katika vidonge vidogo vya njano walivyonunua. Waliambiwa ni diazepam, dawa ya kutuliza na ya usingizi. Walichomeza kilikuwa haloperidol, dawa wanayopewa wagonjwa wa akili wanaosikia sauti zisizokuwepo. Julai 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari.

Miezi yote hiyo bila kujua ni dawa gani! Huku kwetu kidonge huhesabiwa kutoka kopo la 1000 na kufungwa katika kipande cha karatasi. Jina hubaki dukani. Mtu akianguka, mama yake anamwambia munganga, "Alikunywa dawa ya usingizi." Ipi? Ya lini? Ngapi? Munganga anabaki akipapasa gizani.

Na diazepam ya kweli nayo ina makali yake. Siidharau: mtoto wa malaria anapotikiswa na degedege, muuguzi huiingiza kwa njia ya haja kubwa, na maisha huokolewa. Lakini tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 1963 kwa jina la Valium, watu wameipima kwa usingizi: nikiamka, imekwisha. Haijaisha. Ini huigeuza kuwa kitu kingine chenye kazi ile ile, na vyote viwili hukaa mwilini siku kadhaa. Kwa mzee hukawia zaidi. Kijana wa toleka, baiskeli ya abiria, aliyemeza usiku anaweza kuyumba asubuhi na abiria akiwa nyuma. Bibi anayeamka kwenda chooni anaanguka, nyonga inavunjika, na nyumbani wanasema ni uzee.

Ninachokiogopa zaidi ni kidonge hiki kukutana na lotoko, pombe yetu kali ya kienyeji, au na tramadol, dawa ya maumivu. Kila kimoja hupunguza pumzi. Vikiungana vinaweza kuisimamisha. Mtu hulala akikoroma kwa uzito, na familia inashukuru kwamba hatimaye amepumzika. Mwamsheni. Asipoamka, mlazeni ubavu, msimpe chochote mdomoni, mkimbizeni hospitalini.

Aliyeizoea diazepam kwa wiki nyingi asiitupe siku moja kwa sababu ya maneno yangu. Ubongo uliokwisha kuitegemea, ukinyang'anywa ghafla, huleta kutetemeka, usiku bila usingizi, hata kifafa kwa mtu asiyewahi kuugua kifafa. Daktari huipunguza kidogo kidogo, na mara nyingine kazi hiyo huchukua miezi. Anayeanza leo amuulize daktari, kabla ya kumeza kidonge cha kwanza, ataacha lini. Wiki mbili hadi nne kwa kawaida zinatosha. Mwenye mimba, anayenyonyesha na mwenye shida ya kupumua waseme hivyo mapema.

Najua wapo hapa ukumbini wenye vidonge vya namna hiyo mfukoni au kwenye kitenge, vimefungwa katika karatasi isiyoandikwa kitu. Nitabaki mezani hapa mbele. Nileteeni tuvitazame pamoja, na mniambie mlivinunua kama nini.