Nani alibeba mizigo? Maneno kwa vijana juu ya historia ya vita



Ku masomo tulisomaka hivi: tarehe 19 mwezi wa 9, 1916, Force publique iliingia Tabora, Wajerumani wakakimbia. Tukashika jina la mkubwa wa jeshi, Charles Tombeur. Tukapata pointi, kiisha tukasahau.

Juu ya nini hatukuuliza: kutoka Kivu, kupitia Rwanda na Burundi, nani alibeba masasi na chakula? Ilikuwa mabega ya watu. Wabebaji Wakongomani ku vita ile walipita 200 000. Wengi walikamatwa kwa nguvu. Wengi walikufa, si kwa masasi, lakini kwa njaa, uchovu na magonjwa. Tombeur alipewa cheo, na jina la Tabora likaongezwa ku jina lake. Ubelgiji ikapewa kutawala Rwanda na Burundi. Na wabebaji? Wengi wao hata majina hayakuandikwa.

Tunasema hivi juu historia ya vita si orodha ya tarehe na majenerali. Clausewitz, ofisa wa Prussia, alifundisha kwamba vita inatoka ku siasa, haijitengi nayo. Basi swali la kwanza: ni nani aliamua, na alitafuta nini? Mwaka wa 1976, Mwingereza John Keegan, mwalimu wa maofisa, aliandika kitabu juu ya mapigano matatu, moja likiwa la Somme, la mwaka uleule wa 1916. Yeye aliuliza: askari wa kawaida aliona nini, aliogopa nini? Hilo ni swali la pili. La tatu ni letu: nani alibeba mizigo, na alipata nini?

Kusoma vita si kupenda vita. Mtu akikuja ku quartier na hadithi tamu ya mashujaa, anatafuta vijana wa kushika silaha, tumuulize maswali hayo matatu. Akikosa jibu, tujue mizigo ni yetu, cheo ni chake.

Wiki hii, kila mmoja wetu akae na mzee mmoja wa nyumbani. Amuulize: ku vita alizoona ao alizosikia, nani wa jamaa yetu alibebeshwa mzigo? Jina lile tuliandike. Tuanzie hapo.