Akili Haipotei Angani, Hupungua Kasi

Swali la iwapo safari za anga huharibu akili hujibiwa zaidi kwa hofu kuliko kwa ushahidi. Mwaka 2024, watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, walitoa matokeo ya vipimo vya wanaanga 25 waliokaa takribani miezi sita katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kwa jumla majibu yao yaliendelea kuwa sahihi, ila yalichelewa, hasa penye kuhitaji umakini au kukumbuka jambo huku ukilifanyia kazi. Dalili ya madhara ya kudumu haikuonekana.

Wapo watakaosema kwamba anayechelewa lakini akapatia hana kosa. Ni kweli, muda ukiwepo. Juni 1997, mwanaanga wa Urusi Vasily Tsibliyev, akiwa amechoka kwa miezi ya kazi ngumu katika kituo cha anga cha Mir, aliongoza kwa mkono chombo cha mizigo cha Progress bila rada ya kumpa umbali. Chombo kilikuja kwa kasi, kikakigonga kituo na kukitoboa, hewa ikaanza kuvuja. Uchovu haukuwa sababu pekee, kwani zoezi lenyewe lilipangwa vibaya. Lakini mpango mbaya humhitaji mtu mwepesi wa kuamua, na wepesi ndio unaopungua angani.

Wengine watauliza kuhusu mwanaanga wa Marekani Scott Kelly, aliyerejea duniani Machi 2016 baada ya siku 340 angani. Kasi na usahihi wake vilishuka baada ya kutua, vikabaki chini kwa takribani miezi sita. Mtu mmoja si ushahidi wa kutosha, tena alirudi kwenye ratiba iliyojaa mahojiano na vipimo. Hata hivyo, Kelly alipotua alipokewa na madaktari. Atakayetua Mars hatapokewa na yeyote, na ujumbe wake utachukua kati ya dakika 3 na 22 kufika duniani.

Kwa hiyo, kutafuta mashujaa wasiochoka hakutoshi. Wanaanga hulala takribani saa sita kwa usiku, katika kituo kinachoona jua likichomoza mara 16 kwa siku. Usingizi na mgawanyo wa kazi vipangwe kwa uzito uleule wa mafuta na oksijeni. Safari ya Mars isiyo na mpango huo haijawa tayari kuondoka.